Mashine imetulia, dafu lina jambo: kisiwa cha Bikini kinavyopimwa

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Nasoma upimaji ardhi, mwaka wa tatu. Nimeona video ya jamaa aliyefika Bikini, kisiwa cha Pasifiki ambako Wamarekani walilipua mabomu ya nyuklia. Ameshika kaunta ya Geiger, ile mashine ya kuhesabu mionzi, inasoma mikrosiverti 0.2 kwa saa. Anasema hata kuna miji ya Ulaya inayozidi hapo, kwa hiyo kisiwa kimeshapona na wenyewe warudi tu. Ni kweli? Na mimi nikipewa kazi ya kupima kisiwa kama hicho, naanzia wapi?"

Marahaba, kijana wangu. Kwanza nimtetee huyo jamaa: namba yake haina kasoro. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walipita Bikini na vifaa vyao wakapata wastani wa miliremu 184 kwa mwaka, yaani milisiverti 1.84 (siverti ni kipimo cha dozi ya mionzi; milisiverti moja ni mikrosiverti 1,000). Gawa kwa saa 8,760 za mwaka mzima utapata mikrosiverti 0.21 kwa saa, ile ile aliyoiona kwenye kioo cha mashine yake. Angejisumbua kuingia katikati ya kisiwa angekuta zaidi, maana wenzetu hao walipata huko hadi miliremu 639 kwa mwaka. Lakini wageni wengi hubaki ufukweni, ndiko kuliko na upepo na picha nzuri.

Kasoro iko kwenye hiyo "kwa hiyo" yake. Na imo mara mbili.

Ya kwanza ni ndogo, ila mpima ardhi unatakiwa uijue. Bikini ni atoli, yaani duara la visiwa vya chokaa ya matumbawe lililozungusha maji. Chokaa hiyo inatoa mionzi kidogo mno ya uraniamu, thoriamu na potasiamu, na hivyo vitatu ndivyo vinavyotoa karibu mionzi yote ya asili tunayoikanyaga huku kwetu. Ukipanda kilima cha Mrima kule Kwale mashine itapiga kelele, maana udongo wake una thoriamu nyingi, na hakuna aliyelipua bomu pale. Kwenye atoli safi, ardhi iko kimya. Kinachobaki ni kile kinachoshuka kutoka angani. Kwa hiyo 0.2 ya mji uliojengwa juu ya miamba ya itale na 0.2 ya Bikini zinafanana kwa sura tu. Ile ya Bikini, sehemu kubwa yake ni sesiamu-137, kitu chenye mionzi kinachozaliwa na bomu, iliyolala kwenye mchanga. Mtu akikuambia "ni sawa na Ulaya", muulize: sawa ya kitu gani?

Kasoro ya pili ndiyo iliyowatoa watu Bikini mara ya pili, na ndiyo sababu ya jibu hili kuwa refu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa kaskazini mwa Tanzania, kwenye eneo lenye miamba ya fosfeti, nipime mionzi kuzunguka kijiji. Nilipima siku nne. Nikarudi na daftari limejaa, kila nukta na mahali pake kwenye ramani, saa na urefu kutoka ardhini, mita moja kamili, nilikuwa na kijiti cha kupimia. Bosi wangu, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, akalipekua ukurasa kwa ukurasa, akalifunga, akauliza: "Wanakula nini hawa?" Sikujua. "Wanachota maji wapi?" Nilijua kisima kiko upande gani, sikuchota hata chupa moja. Akanirudisha huko kwa basi la siku ya pili yake. Nilinuna njia nzima.

Sasa turudi Bikini. Februari 1946 afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani aliwakuta wenyeji Jumapili baada ya ibada, akawaomba wahame kwa muda, kwa manufaa ya wanadamu wote na ili vita vya dunia vikome. Walikuwa watu 167. Mwezi uliofuata wakapelekwa Rongerik, atoli isiyo na chakula cha kutosha, wakashinda na njaa hadi wakahamishwa tena, na mwishowe 1948 wakatupwa Kili, kisiwa kisicho hata na maji ya ndani ya kuvulia. Julai 1946 yakalipuliwa mawili ya kwanza, Able na Baker. (Siku nne baada ya Able, mbunifu mmoja wa Paris akatoa nguo ya kuogelea akaiita jina la kisiwa. Wengi wanaijua nguo na hawakijui kisiwa.) Hadi 1958 Bikini ilikuwa imepigwa milipuko 23, na jirani yake Enewetak 43. Mkubwa kuliko yote ulikuwa Bravo, tarehe 1 Machi 1954. Wataalamu walitarajia megatani 6 hivi (megatani moja ni nguvu ya tani milioni moja za baruti ya TNT), ikatoka 15. Ulichimba shimo la kipenyo cha kilometa 2 hivi kwenye mwamba, na unga wa matumbawe uliochomwa ukaanguka kama majivu meupe hadi atoli ya Rongelap, ambako watu walikuwa kwenye shughuli zao.

Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson alitangaza kwamba Bikini ni salama, wenyewe warudi. Vipimo vilikuwa vimefanyika. Waliopima waliona mionzi ya hewani imeshuka sana, wakaondoa vyuma chakavu, wakapanda makumi ya maelfu ya minazi kwa mistari iliyonyooka kama shamba la mkonge. Familia zikaanza kurudi mwanzoni mwa miaka ya 1970, hadi wakafikia zaidi ya mia moja. Mnazi mchanga hauzai mara moja, unajua mwenyewe. Kwa hiyo miaka ya mwanzo mambo yalikuwa shwari. Minazi ilipoanza kuzaa, madaktari waliokuwa wakija na mashine ya kupima mwili mzima wakaona sesiamu ndani ya watu inapanda, safari baada ya safari. Mwaka 1978 wakaondolewa tena. Mionzi ya hewani ilikuwa ile ile ya jana. Kilichobadilika ni kwamba watu walianza kuvuna.

Na hapa nitoe dukuduku langu. Mwaka 1975 watu wa Bikini walilazimika kwenda mahakamani Marekani kudai kisiwa chao kipimwe kitaalamu. Fikiria hilo: mtu amehamishwa, amerudishwa, na anamshtaki aliyelipua ili apewe tu namba za ukweli. Serikali ilikubali, lakini upimaji mkubwa wa kaskazini mwa visiwa vya Marshall, nchi ambayo Bikini ni sehemu yake, kwa meli na helikopta, ulifanyika 1978, mwaka ule ule wa kuhamishwa tena. Nikisikia mtu anasema upimaji ni kazi isiyo na siasa huwa nakumbuka mahakama hiyo.

Sasa, unaanzia wapi? Unaanzia ofisini, kwenye majina. Hili wapima ardhi ndio mnalielewa kuliko sisi wa mionzi. Wanajeshi walivipa visiwa vya Enewetak majina ya kizungu ili wasihangaike na ya wenyeji: Runit ikawa Yvonne, Enjebi ikawa Janet, Medren ikawa Elmer, Elugelab ikawa Flora. Ripoti za zamani zimeandikwa kwa majina hayo. Jina la atoli lenyewe utalikuta Eniwetok kwenye karatasi za zamani na Enewetak kwenye za leo. Usipotengeneza jedwali la majina mapema, utakuja kuoanisha udongo wa kisiwa kimoja na mlipuko wa kingine. Halafu kuna visiwa ambavyo havipo. Hiyo Elugelab ilipeperushwa tarehe 1 Novemba 1952 na bomu la kwanza kubwa la haidrojeni, la megatani 10.4, pakabaki shimo baharini. Ramani ya kabla ya hapo ina nchi kavu mahali ambapo leo meli inapita.

Kuna na mipaka ya watu. Ardhi ya Marshall imegawanywa kwa vipande viitwavyo weto, ukanda mwembamba unaokata kisiwa kutoka ufukwe wa ndani hadi ufukwe wa bahari kuu, na haki yake hurithiwa zaidi kwa upande wa mama. Kila familia kwa hiyo ina kipande cha kila kitu: pa kutia mtumbwi, pa kujenga, pa kupanda, pa kuokota vya baharini. Tingatinga likishafagia uoto, alama nyingi za mipaka huenda nazo, na anayezijua ni mzee aliyeondoka akiwa kijana. Mchukue mzee huyo kwenye boti. Ukigawa kisiwa kwa miraba yako mizuri ya kompyuta na kusema "mraba namba 14 una sesiamu nyingi", umewaambia wenyewe kitu wasichoweza kukitumia. Ukisema weto ya fulani upande wa bahari kuu, kila mtu kaelewa.

Kisha unaruka. Upimaji wa angani ndio unaokupa sura ya jumla: helikopta inapita chini chini kwa mistari sambamba, imebeba fuwele za iodidi ya sodiamu zinazomeremeta kila mwale wa gama unapoingia. Siku hizi droni inaweza kubeba fuwele ndogo ikafanya kazi hiyo hiyo. Utaona mara moja kwamba kisiwa hakikuchafuka kwa usawa. Katikati panazidi kingo, kwa sababu kingo huoshwa na mawimbi na mchanga wake ni mpya, wakati katikati kuna udongo mweusi wenye mboji ulioshika majivu. Utaona pia kwamba visiwa vya atoli moja vinapishana sana. Eneu, kisiwa kingine cha atoli hiyo hiyo ya Bikini, kina uchafu mdogo mno ukilinganisha na Bikini yenyewe. Atakayekuuliza "Bikini iko salama?" lazima umrudishie swali: Bikini atoli au Bikini kisiwa?

Chini, unatembea na kifaa chenye akili zaidi ya kaunta ya Geiger. Kaunta ile inahesabu tu, tik tik tik, haijui nani kagonga mlango. Kifaa cha germaniamu kinapima nguvu ya kila mwale: ukiona kilele kwenye kiloelektrovolti 662, hiyo ni sesiamu-137 na haina ubishi. Shida ya germaniamu ni kwamba inataka baridi kali ya naitrojeni ya kimiminika au kipoozi cha umeme, na wewe uko kwenye jua la ikweta, chumvi inakula kila skrubu, na meli inayofuata ni ya mwezi ujao. Beba vipuri. Halafu beba vipuri vya vipuri.

Plutoniamu ni habari nyingine. Nusu-maisha yake, yaani muda wa kupungua hadi nusu, ni miaka 24,100 kwa plutoniamu-239, na inatoa mionzi ya alfa ambayo hata karatasi inaizuia. Utaikanyaga usiione. Walipokuwa wakisafisha Enewetak kati ya 1977 na 1980 walitumia ujanja mmoja ninaoupenda: plutoniamu ya bomu huandamana na amerisiamu-241, na hiyo hutoa gama dhaifu. Basi wakaweka germaniamu juu ya mlingoti kwenye gari la minyororo, gari likawa linakwenda kigingi hadi kigingi likipima amerisiamu, halafu kwa sampuli za udongo wakatafuta uwiano wa viwili hivyo na kukadiria plutoniamu. Ukikosea uwiano, umekosea kisiwa kizima, na uwiano hubadilika kutoka mlipuko hadi mlipuko. Huko Runit kuna bomu moja la 1958 ambalo halikulipuka ilivyokusudiwa, likamwaga plutoniamu yake kisiwani. Udongo uliokwanguliwa ulitumbukizwa kwenye shimo la mlipuko mwingine, Cactus, ukafunikwa na kuba la vipande 358 vya zege vyenye unene wa sentimeta 46 hivi. Chini ya shimo hawakuweka zege. Maji ya ndani ya kuba hupanda na kushuka na bahari inapojaa na kupwa. Watu wanaogopa kuba lile, na lina nyufa kweli, lakini ukipima utakuta lililomo ndani ni sehemu ndogo sana ya plutoniamu iliyomwagika kwenye tope la maji ya atoli. Macho yanavutwa na zege, kwa sababu tope halipigiki picha.

Lakini plutoniamu, pamoja na jina lake baya, haipandi vizuri kwenye mmea, na ukiimeza tumbo linapitisha karibu yote. Ubaya wake ni vumbi. Kwa hiyo unaweka pampu za kunasa hewa, hasa siku watu wanapolima au kufagia, wala usizitegeshe siku ya mvua kisha ukaandika kwamba hewa ni safi. Nimeshaona ripoti ya namna hiyo. Sitasema ya wapi.

Udongo sasa. Chagua mnazi, chimba mfereji kuanzia karibu na shina kwenda nje, kina cha kiuno kidogo. Ukuta wa mfereji ndio unaousoma. Kutoka juu unachukua sentimeta 5 za kwanza, kisha 5 nyingine, kisha 5 tena, halafu tabaka nene zaidi hadi 60. Kila tabaka unalotoa unalipanua kwenda nyuma kama ngazi, ili chembe za juu, zilizo chafu zaidi, zisidondokee za chini. Punje chache tu za juu zikianguka kwenye mfuko wa chini, utasema sesiamu imezama sana kumbe ni mkono wako mzito. Sampuli unaikausha, unaisaga, unaifunga kwenye kopo, unaisubirisha kwenye kipimo cha maabara kwa saa nyingi.

Na hapo ndipo utakapokutana na siri ya kisiwa. Kwenye udongo wa mfinyanzi kama wa mashamba yetu mengi, sesiamu hung'ang'aniwa na chembe za mfinyanzi, mmea hauipati kirahisi. Kwenye mchanga wa matumbawe hakuna mfinyanzi. Pia potasiamu ni haba, na mnazi una njaa ya potasiamu kama mtoto na sukari. Kwa kemia, sesiamu na potasiamu ni ndugu, basi mzizi unaokota chochote kinachofanana na unachokitaka. Unajaza nazi kwa sesiamu huku mashine yako hewani inasoma 0.2. Geuza upande wa pili: strontiamu-90, ambayo watu huiogopa kwa sababu inaingia mifupani, ni ndugu ya kalsiamu. Mchanga ule ni kalsiamu tupu. Mzizi umeshiba, kwa hiyo strontiamu inayopanda ni kidogo. Kipimo cha udongo peke yake, bila kujua udongo huo ni wa aina gani, kingekudanganya pande zote mbili.

Samaki pia watakushangaza. Maji ya bahari yamejaa potasiamu na yanachanganya kila kitu, kwa hiyo samaki wa Bikini wana sesiamu kidogo kuliko matunda ya nchi kavu. Mgeni hukataa samaki na kunywa dafu. Angefanya kinyume ingekuwa afadhali.

Basi twende kwenye dafu, maana hapa mtu wa pwani ana faida kuliko mtaalamu wa Ulaya. Kwenye fomu ya mtu asiyejua, kuna kisanduku kimoja: nazi. Wewe unajua kuna kitale, dafu, koroma, nazi, na ile iliyochipua yenye joya ndani. Wamarshall wanajua hivyo hivyo, na kila hatua ina mlo wake: maji ya dafu ya kunywa, nyama yake laini ya mtoto, nazi iliyokomaa ya kukuna na ya mbata, joya la kutafuna. Kila moja ina uzito wake, maji yake na kiasi chake cha sesiamu, kwa hiyo kila moja ni sampuli yake. Unapasua, unatenga maji kwenye chupa, unakwangua nyama, unapima uzito ikiwa mbichi na ikiwa imekaushwa, unaandika mnazi namba ngapi, weto ipi. Hufanyi hivyo kwa dafu moja. Unarudi mnazi ule ule msimu baada ya msimu. Halafu shelisheli. Halafu tunda la mkadi, ambalo sisi mkadi wetu tunaujua kwa maua ya kunukia na wao jamii yake wanaila hasa. Halafu yule kaa mkubwa anayepanda minazi, ambaye tunaye pia kisiwani Chumbe, Unguja. Kaa wa Bikini anakula nazi maisha yake yote, na sesiamu anaikusanya kutoka humo.

Umebakiza kipimo ambacho hakina mashine: unakaa jikoni. Mwaka 1978 watu wa Enewetak, wakiwa bado uhamishoni kwenye atoli ya Ujelang, waliulizwa kwa kina wanakula nini na kiasi gani. Majibu yale ndiyo yaliyobeba makadirio ya dozi kwa miaka mingi iliyofuata. Na jibu lilikuwa na pande mbili, kutegemea meli. Meli ikija, kuna mchele, unga na nyama za kopo. Meli isipokuja, ni vya kisiwani tu. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipopitia takwimu za Bikini miaka ya 1990, lilikadiria kwamba anayekula vya kisiwani tupu angepata karibu milisiverti 15 kwa mwaka, na mwenye vyakula vya meli pembeni karibu 4. Binadamu wa wastani duniani hupata 2.4 kutokana na mionzi yote ya asili. Kisiwa ni kile kile, mchanga ni ule ule, na tofauti kati ya 15 na 4 ni ratiba ya meli. Hakuna kaunta ya Geiger inayosoma ratiba ya meli. Ushauri wao ulikuwa watu wasihamie moja kwa moja bila hatua za kupunguza sesiamu.

Usinielewe vibaya, kisiwa kinapona. Sesiamu-137 hupungua nusu kila miaka 30, na kwa sababu mvua huiosha kwenda kwenye maji ya chini, ile inayoonekana kwenye mimea ya visiwa hivi imepimwa ikipungua nusu kwa miaka 8 au 9. Zile 15 leo si 15. Hata hivyo utafiti wa Columbia uliotolewa 2019 ulikuta matunda ya Bikini ambayo bado yanapita viwango ambavyo nchi nyingine zingeruhusu sokoni.

Na dawa ipo, tena ya dukani. Watafiti wa maabara ya Lawrence Livermore walimwaga kloridi ya potasiamu, mbolea ya kawaida, chini ya minazi ya Bikini. Mzizi uliposhiba potasiamu, sesiamu kwenye nazi ikashuka hadi kiasi cha asilimia 5 hadi 10 ya ile ya mwanzo. Njia nyingine ni kukwangua udongo wa juu kabisa, sentimeta 40, ambayo inaondoa sesiamu na pia inaondoa mboji yote iliyojengwa kwa karne nyingi, na miti yote. Wenyeji wengi walitaka kukwangua. Mtaalamu hupenda mbolea kwa sababu hesabu yake ni nzuri. Mwenye kisiwa anakuuliza: ukiacha uchafu ardhini na kunipa mbolea, nani ataniletea mifuko miaka 40 ijayo? Sijawahi kuwa na jibu zuri la swali hilo. Rongelap walichanganya: kijijini walikwangua na kutandaza kokoto za matumbawe, mashambani wakaweka potasiamu.

Mwisho wa kazi utatakiwa kuweka mstari: chini ya hapa salama, juu ya hapa hapana. Mstari huo hautoki kwenye mashine yako. Marekani na serikali ya Marshall walikubaliana milisiverti 1 kwa mwaka juu ya ile ya asili. Baraza la Madai ya Nyuklia la Marshall likachukua kiwango cha usafishaji kinachotumika ndani ya Marekani yenyewe, milisiverti 0.15, kwa hoja kwamba Mmarshall si mtu wa daraja la pili. Mwaka 2001 liliwapa watu wa Bikini fidia ya dola milioni 563, ambayo sehemu kubwa haikulipwa. Namba zako hizo hizo, kwa mstari mmoja kisiwa kinakaribia kupita, kwa mwingine kinafeli vibaya. Andika ripoti yako ili msomaji aweze kuweka mstari wowote na kuona kinachotokea.

Kwa hiyo jamaa wa video akinywa dafu moja akaondoka, hatadhurika. Watalii wa kuzamia wamekuwa wakienda tangu 1996 kuangalia mabaki ya Saratoga, meli ya kubeba ndege za kivita iliyozamishwa na majaribio yale, na chakula chao huletwa kutoka nje. Lakini kuwaambia wenyewe "rudini tu" kwa kipimo cha dakika tano cha ufukweni ni kurudia kosa la 1968 lile lile, safari hii kwa simu ya mkononi.

Kama kweli unaitaka kazi hii, wewe umeshajua nusu yake, ile ya kujua uko wapi hasa duniani. Nusu nyingine ianze kuitafuta mapema: soma spektrometria ya gama, na omba mafunzo kwa vitendo Tume ya Nguvu za Atomiki pale Arusha, wana maabara. Ukienda uwandani mara ya kwanza, kwenye begi weka mizani ya jikoni, ya gramu, yenye betri. Mimi niliinunua Arusha stendi, nikisubiri lile basi la kunirudisha.